Zamu ya Chumba cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nilipewa na nesi niandike kidonge nimemeza saa ngapi na mkono umevimba kiasi gani. Kidonge: saa mbili asubuhi. Mkono: uko sawa, pete bado inapita. Basi. Yaliyobaki ni ya kwangu.

Kaka kapiga simu. Sauti ya mtu aliyejipanga kusema jambo. Kauliza hali yangu, kauliza hali ya Kasuku mwanangu, kauliza kama huku kumenyesha, ndipo akafika. Mkewe anakaribia kujifungua. Kodi ya chumba changu mwezi huu atalipa, ya mwezi wa nne hataweza. Nikamwambia, kaka, mwaka mzima umenibeba, sina neno. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa. Baada ya hapo nikakaa kitandani na mashati ya fundi mapajani, nikashona vifungo kumi na viwili bila kujua kama nashona.

Vifungo ndiyo kazi yangu siku hizi. Zamani nilikuwa kwa dobi, napiga pasi. Tangu nikatwe titi la kulia, mkono wa upande huo una tabia ya kuvimba, na joto nimekatazwa. Dobi aliniambia pumzika kwanza. Hiyo "kwanza" yake sasa ina mwaka na miezi miwili.

Jioni mama mkwe naye kapiga. Kasema tarehe thelathini na moja anakuja kumchukua mjukuu wake akakae naye, kabla. Akanyamaza. Nikamuuliza, kabla ya nini, mama? Akasema mtandao mbaya.

Kabla sijafa. Si aseme tu.

Baba yake Kasuku alikwenda kutafuta kazi nikiwa kwenye mzunguko wa tatu wa dawa za saratani, bado anaitafuta. Nikihama hapa nitarudi kulala kwa kaka, sebuleni, na mtoto hana pa kulala pale. Kwa hiyo mama mkwe atakuwa na haki. Hilo ndilo linaloniuma — kwamba atakuwa na haki.

Na mimi nilishapona! Daktari alisema mbele ya wanafunzi wake sita, ugonjwa hauonekani. Tangu mwezi wa kumi na moja. Mimi nimepona, ila wenzangu bado wananiuguza.

Jumatano, 5 Machi

Kidonge: saa mbili. Mkono: sawa.

Karani anahama! Anakwenda kukaa kwa mwanawe, mwisho wa mwezi huu.

Karani ni mzee wa chumba cha kwanza. Alikuwa karani kweli, huko alikokuwa akifanya kazi, na hadi leo akiandika orodha ya sabuni anapiga mstari chini kwa rula. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Nyumba hii ina vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja na bomba moja lenye kufuli. Maji yanakuja yanapojisikia. Yakija, mwenye ufunguo anafungua, anasimamia foleni, anaangalia zamu za usafi zinafuatwa. Na kwa kazi hiyo mwenye nyumba hamtozi kodi.

Hamtozi kodi. Nimeliandika mara mbili ili nilione.

Mama mwenye nyumba kasema wapangaji wachague wenyewe mtu wao, sharti awe kwenye orodha ya zamu na asiwe mgomvi.

Nikaenda kuitazama orodha. Ni kadibodi imetundikwa karibu na bomba, mwandiko wa Karani, mzuri kama wa kwenye cheti. Chumba cha kwanza. Cha pili. Cha nne. Cha tano. Cha sita.

Sisi wa cha tatu hatumo. Walinitoa wiki niliyotoka kupasuliwa. Wakasema huyu asiguse ufagio wala choo, tutagawana siku zake. Siku ile nililia kwa shukrani, naapa. Sikujua kwamba asiye na zamu hana sauti. Mkutano wa nyumba hii kila chumba kinatoka na ndoo yake, kinaigeuza, kinaikalia. Asiye na zamu hatoi ndoo. Mwaka mzima nimesikiliza mikutano nikiwa nimesimama mlangoni kwangu kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Karani. Nimempa shikamoo, nimekaa.

Nikamwambia, mzee, nirudishe kwenye zamu. Akavua miwani. Akasema, binti yangu, tulikutoa kwa huruma. Nikasema, nirudisheni kwa huruma hiyo hiyo. Akacheka kidogo, akaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kasema hawezi peke yake. Jambo kama hilo liletwe mkutanoni, Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, siku ya kuchagua. Nikauliza, nani alilete? Mwenyewe, kasema. Nikasema, lakini mimi sina zamu, mkutanoni sisemi. Akafikiri. Akasema, hilo nalo ni gumu. Kama vile hiyo sheria aliitunga mtu mwingine, na kalamu haikuwa yake!

Jumapili, 9 Machi

Kasuku ana miaka mitano na jina lake hilo hakupewa bure. Akisikia neno analileta nyumbani likiwa zima, na sauti ya mwenyewe juu. Leo kaingia na kikombe cha maji, kasimama katikati ya chumba, kaweka mikono kiunoni: "Chumba cha tatu kitakuwa wazi mwezi ujao, nina shemeji yangu anatafuta."

Nikajua ni nani kabla hajamaliza. Meneja. Mpangaji wa chumba cha nne. Anahesabu mifuko kwenye ghala la saruji, umeneja tumempa sisi kwa jinsi anavyopenda kuamrisha. Anautaka ufunguo, hilo kila mtu anajua. Kumbe na chumba changu anakitaka.

Kasuku kauliza, mama, tunahama? Nikamwambia, hatuhami. Nimelisema haraka kuliko nilivyolifikiria.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimepigana. Au tuseme nimevutana.

Ilikuwa zamu ya Mama Pacha, chumba cha pili. Nikaamka nikawahi ufagio. Nilishafagia nusu ya ua alipotoka. "Wee! Lete hapa." Nikamwambia, acha nikusaidie leo. Akashika mpini. Na mimi nikaushika. Tukawa tunazunguka nao pale uani kama watoto wanaogombea kamba.

"Unataka mtaa useme tunamfanyisha kazi mgonjwa?"

"Mgonjwa yupi?"

"Usinijibu hivyo, unanijua."

Ninamjua. Huyu alikuwa shoga yangu wa kufa na kupona. Nikisuka nywele ni kwake, akipungukiwa sukari ni kwangu. Pacha wake wamejifunza kutambaa kwenye mkeka wangu. Tangu niumwe ananiletea maji mlangoni, anayaweka chini, anagonga, anaondoka. Pacha hawaji. Kasuku akienda kucheza kwao anarudishwa mapema. Sijawahi kumuuliza. Mtu anayekuletea maji utamuulizaje.

Vijana wa gereji wa chumba cha tano walikuwa wanapiga mswaki pale. Mmoja akasema, mama zangu, mkimaliza hapo kuna ufagio mwingine chumbani kwetu, hauna mwenyewe. Mama Pacha akaachia mpini, akaingia ndani. Nikamaliza kufagia peke yangu na sikuona raha niliyotegemea.

Alhamisi, 13 Machi

Nimegundua dawa yao. Wanasema siwezi — basi waone.

Leo zamu ya gereji. Wameondoka alfajiri kama kawaida yao. Nimesugua choo, nimezibua mtaro wa maji machafu kwa mkono, nimebeba ndoo sita kutoka kwenye pipa. Zilijaa mpaka juu. Mama wa mitumba wa chumba cha sita alisimama na marobota yake akiniangalia. Meneja naye alikuwepo. Nikapita mbele yake na ndoo kichwani, shingo imenyooka. Nimejisikia mtu.

Kidonge: nimesahau, nimemeza saa saba mchana.

Ijumaa, 14 Machi

Mkono umevimba. Pete haitoki. Kwenye kidole kuna mchubuko wa mtaroni.

Sina la kuandika. Vifungo vimelala. Kasuku kanifungulia kitasa cha mlango, kaniuliza kama mkono umekasirika.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Kwa bahati ndiyo tarehe yangu ya miezi mitatu.

Nesi alipouona mkono akaniketisha. Akachukua futi, akapima kifundo, akapima chini ya kiwiko, akapima juu ya kiwiko, akaandika. Ndipo akavua glavu akaniambia, mwanangu, ulikuwa unamkomoa nani? Nikamweleza yote. Zamu, ufunguo, Meneja, ndoo. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndoo haikutaka ushahidi, ilitaka maji.

Kaniwekea dawa kwenye kidole, kanifunga bandeji ya kubana kuanzia kwenye vidole kwenda juu, kanionesha kujifunga mwenyewe. Ipo soksi maalumu ya mkono, ya kuvaa kila siku. Hospitali hawana. Dukani ipo, kanitajia bei. Ni zaidi ya kodi ya mwezi. Tukatazamana, tukarudi kwenye bandeji.

Vidonge vya miezi mitatu nimepata vya mwezi mmoja. Vingine vikija watanipigia simu. Hapo zamani ningeondoka nikinung'unika njia nzima. Leo nimeondoka na kitu kingine mfukoni.

Nilimwomba nesi aniandikie ninachoweza. Kila karatasi niliyowahi kupewa pale inasema nisichoweza: asibebe, asipige pasi, asichomwe sindano mkono huo. Nikamwambia, dada, naomba karatasi ya upande wa pili. Akacheka. Kasema hajawahi kuombwa karatasi kama hiyo. Akaandika: Anaweza kufagia. Anaweza kusugua choo akivaa glavu. Anaweza kubeba ndoo nusu kwa mkono wa kushoto. Anaweza kufanya kazi ya kusimamia watu. Hii ya mwisho sikumwambia aandike. Kaitia mwenyewe.

Na daktari kapima, kabonyeza, katazama picha. Safi. Kasema rudi mwezi wa sita.

Safi!

Jumatano, 19 Machi

Kidonge: saa mbili. Mkono: unashuka, pete inazunguka.

Nimempelekea Karani ile karatasi. Kaisoma mara ya kwanza amesimama. Ya pili kaketi. Ya tatu kaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, ina muhuri.

Nikasema, ina muhuri, mzee. Wa bluu.

Akasema, na sahihi. Na cheo. Na tarehe. Akaugusa muhuri kwa kidole kama unauzwa. Nilijua tangu nikiwa njiani. Mzee huyu akiletewa machozi anafuta miwani, akiletewa muhuri hana pa kukimbilia. Akasema, kwa kuwa ulitolewa kwa sababu ya afya, na afya imethibitishwa kwa maandishi, hilo si jambo la mkutano tena. Ni jambo la ofisi.

Ofisi! Ni kiti kimoja na meza ya kulia chakula.

Akachukua kadibodi mpya. Akaipiga mistari kwa rula. Nilingoja. Alipofika kwenye "Chumba cha tatu" aliiandika polepole, na herufi ya kwanza kaitilia mkia. Tumepangiwa Jumamosi. Choo.

Nimemwambia Kasuku tuna zamu ya choo. Kapiga makofi. Mtoto gani huyu.

Alhamisi, 20 Machi

Hili lazima niliandike vizuri.

Bomba limekauka siku ya sita leo. Watu wananunua maji kwa mikokoteni, wamekuwa wakali. Mchana nilikuwa nashona vifungo, na bomba kuu linapita ndani ya ukuta wa kitandani kwangu. Mwaka mzima nililala na sikio kwenye ukuta ule. Wakati wa dawa, nilipokuwa siwezi hata kuinua kichwa, huyo ndiye aliyekuwa mwenzangu. Kwanza linakohoa mara tatu. Linanyamaza. Halafu linaguna mfululizo. Kuanzia kikohozi mpaka maji ni muda wa kushona vifungo vinne.

Leo likakohoa. Nikatoka mlangoni nikasema, maji yanakuja, toeni ndoo.

Meneja alikuwa nyumbani, hakwenda kazini. "Nani kakwambia, bibi? Malaika?" Mama wa mitumba akacheka. Kijana wa gereji, yule mwenye maneno, alikuwa kalala chini ya kivuli. Akaniangalia. Akainuka akachukua ndoo mbili. Akasema, mimi injini naijua kwa mlio, kwa nini yeye asilijue bomba.

Vifungo vinne. Maji yakaja. Yalikuja na hewa, yakatema kutu, kisha yakatiririka. Karani alitoka mbio na ufunguo, ndala mguu mmoja. Nyumba nzima ikajaza kabla nyumba za jirani hazijajua.

Meneja naye akapanga foleni. Alijaza ndoo zake akaingia ndani.

Jumamosi, 22 Machi

Zamu yetu. Glavu mkononi. Kasuku kashika kopo la sabuni, alikuwa akinielekeza: mama, pale. Mama, na pale. Ndoo nusu, mara nyingi. Imenichukua asubuhi nzima, mwingine angetumia nusu saa. Kimeng'aa.

Mama wa mitumba alipotoka humo akasema, mbona mtu atatamani kulala. Nimelibeba neno hilo siku nzima.

Jumapili, 23 Machi

Mkutano saa kumi jioni.

Nilitoa ndoo yangu. Nikaigeuza, nikaikalia. Kasuku mbele yangu chini. Nikaona jinsi ua ulivyo mdogo ukiwa umekaa ndani yake. Kutoka mlangoni ulikuwa unaonekana mkubwa.

Tunavyochagua hapa hatupigi kura. Wanaotaka kazi wanabaki wameketi, mmoja huku, mwingine kule. Wengine wanainua ndoo zao wanakwenda kukaa kwa wanayemtaka. Nilikuwa nimesahau hilo mpaka Karani alipolisema. Mwaka mzima hakuna mtu aliyekaa karibu nami. Kwenye benchi la uani nikikaa, mtu anakumbuka ana mboga jikoni.

Meneja akasema yake. Kifupi: yeye ni mwanamume, ana nguvu, watu wa idara ya maji wanamheshimu. Kisha akasema, simchukii mtu, lakini mtu wa hospitali kila miezi mitatu, siku hizo ufunguo atauacha kwa nani?

Watu wakatingisha vichwa kukubali. Hata mimi nilikaribia kutingisha.

Nikasimama. Nikasema, nitauacha kwa Mama Pacha. Siku moja, baada ya miezi mitatu. Wewe Meneja unakwenda ghalani siku sita za wiki, utauacha kwa nani?

Halafu kijana wa gereji akaanza kucheka polepole, akashindwa kujizuia. Karani akasema, utaratibu, utaratibu, lakini mdomo kaukaza asicheke.

Nikasema na lingine ambalo sikulipanga. Nikasema, mlinitoa kwa wema, na sijasahau maji ya mlangoni. Ila mtu akipona mwambieni amepona. Msimwache ajitangaze mwenyewe. Nikakaa.

Gereji wakaja kwangu. Ndoo moja, wawili wanaigombea.

Mama wa mitumba akaenda kwa Meneja. Akaniambia kabisa, usinichukie mwanangu, huyu hunibebea marobota. Nikamwelewa.

Ikawa ndoo moja huku, moja kule. Karani anahama, hachagui. Akabaki Mama Pacha, na ndoo yake katikati ya ua, pacha mmoja mgongoni na mwingine kwenye goti. Hakuinuka. Karani akamwita mara mbili. Aliangalia chini tu. Nilimtazama nikajisemea, akienda kule sitamlaumu, mtu ana haki ya kuogopa.

Akainuka. Akachukua ndoo. Akaja. Hakuweka mbali kidogo kama watu wanavyofanya. Aliiweka mpaka ikakwaruza yangu, akakaa, bega likagusa bega, lile la upande wa kulia. Akamtoa pacha mgongoni akanipakatisha, hakuniangalia.

Karani akaandika. Akapiga mstari chini, kwa rula.

Jumatatu, 24 Machi

Kidonge: saa mbili. Mkono: pete imetoka yenyewe nikinawa.

Mama Pacha kaja. Kaingia ndani, kakaa kitandani kama zamani. Kisha akasema dada yake alikuwa na ugonjwa huu huu. Sikujua, dada huyo aliugua kabla Mama Pacha hajahamia hapa. Akasema, alipona hivi hivi ninavyokuona umepona, tukacheka mwaka mzima, halafu ukarudi. Akasema, niliogopa kukuzoea upya.

Siwezi kumwahidi. Nikamwambia mwezi wa sita tutakwenda wote kliniki, umbane daktari maswali mwenyewe. Akasema atambana mpaka atoe jasho. Tukala sahani moja. Pacha wakavunja kikombe.

Jumamosi, 29 Machi

Mama mwenye nyumba kaja kuniona. Mtu wa maneno machache. Kasema mwezi mmoja wa majaribio. Kama hakuna malalamiko, ufunguo wangu. Mwezi wa nne silipi.

Meneja kasema atakuwa anaangalia. Nimemwambia aangalie, macho ni yake.

Kaka nimempigia. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao, kumbe analia, mwanamume mzima. Mkewe kajifungua jana. Wa kike.

Mama mkwe nimempigia, simu haipokelewi. Basi lake ni Jumatatu.

Jumatatu, 31 Machi

Kidonge: saa mbili. Mkono: sawa.

Ukuta umekohoa saa nne. Nikatoka, sikupiga kelele, nikasema tu, ndoo. Wakatoka wote! Hata Meneja, leo ghalani hakwenda, na ndoo saba. Ndoo ya tano ndiyo ya mwisho, nikamwambia. Akasema ana wageni. Nikasema wageni wakija watapewa zao. Akazirudisha mbili, ananuna.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia. Kashika begi la mistari, tupu, limekunjwa kwapani. Nilimwona, na sikuweza kuacha bomba, watu kumi mkononi. Nikamwinamia kwa mbali, shikamoo mama. Sijui kama alinitambua. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa sina nywele.

Kijana wa gereji akamwamkia, akamuuliza, bibi ni mgeni wa nani? Akasema, wa mgonjwa wa chumba cha tatu. Kijana akaweka ndoo chini. Akasema, hapa hakuna mgonjwa, bibi, labda umekosea nyumba.

Alikuwa hatanii. Ndivyo alivyosema, kwa heshima zote.

Mama mkwe akasimama pale pale na begi lake mpaka mtu wa mwisho alipojaza. Nikafunga kufuli. Tukaingia ndani.

Sasa ni alasiri. Kala, kaoga kwa maji ya leo. Kasuku kamweleza habari zote, na sauti za wote. Kisha mama mkwe akafungua begi, akatia magauni mawili ya mtoto. Akaacha kutia. Begi liko wazi kitandani, na yeye yuko kando yake, na mimi nimekaa kizingitini nikiandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Basi la kurudi ni kesho saa sita. Sijauliza kama ataondoka na Kasuku. Nimejiambia sitaomba. Nitamweleza kama mtu mzima, chumba kipo, chakula kipo, mama yupo.

Kamtuma Kasuku kwa Mama Pacha. Tumebaki wawili.

Tangu nipasuliwe, mama huyu hajawahi kuniangalia chini ya shingo. Akinisalimia huongea na paji la uso wangu. Sasa hivi kainuka. Kasema, weka hilo daftari, mwanangu, ufunge mlango, unioneshe. Nikamuuliza, nikuoneshe mkono? Akasema, pote walipokukata. Nataka kuona mwenyewe jinsi palivyopona.

Naweka daftari, naufunga mlango.